Jinsi ya kupiga harusi huku nyanda za juu kusini: baridi, ukungu, na ngozi ya mtu itoke ilivyo

Wakuu habari za majukumu. Vijana wengi wa Mbeya na Iringa walionunua kamera juzi juzi wananiuliza "kaka nipe setingi za harusi", na kila mara najibu kipande kipande tu, sasa leo naandika kwa kirefu ili kila mtu achukue linalomfaa. Kazi yangu ni harusi, sendofu na kipaimara, na huku kwetu kazi ina mambo yake ambayo aliyejifunzia kwenye video za Dar au za Ulaya hatayakuta. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukipanda Uporoto unapita 2,000, asubuhi za Juni na Julai baridi inaganda vidole mpaka kubonyeza kitufe ni shida, ukungu unashuka bila taarifa, alafu mchana huo huo anga linafunguka jua kali bila wingu hata moja. Harusi moja unakutana na hayo yote.

Ila kabla ya hatua yoyote shika jambo moja: setingi zote, lenzi zote, mwanga wote unaouhangaikia, ni ili sura ya mtu itoke ilivyo. Bibi harusi mweusi atoke na weusi wake unaong'aa, wa maji ya kunde atoke maji ya kunde, asitoke kijivujivu na wala asitoke kama amechubuliwa. Mi nikiangalia kazi ya mpiga picha naangalia ngozi kwanza, mengine baadaye.

Hatua ya 1: Kaa na maharusi, alafu nenda ukaone sehemu

Kikao cha kwanza usiongelee kamera, ongelea siku yenyewe. Bibi harusi anavalia wapi, nyumbani, saluni au lodji? Ibada saa ngapi, kutoka kanisani mpaka ukumbini kuna mwendo gani, picha za nje zimepangiwa muda au ndo zile za "mtapiga piga tu njiani"? Hapo kwenye muda ndo pagumu, maana kamati inapanga chakula, vinywaji, MC na msafara wa magari, picha wanazikumbuka mwisho. Dai mapema dakika arobaini na tano za maharusi peke yao baada ya ibada, na ziingie kwenye ratiba ya MC kwa maandishi, kwa mdomo zitaliwa.

Omba pia mtu mmoja kila upande anayeujua ukoo. Mara nyingi ni shangazi au mama mdogo fulani ambaye wote wanamsikiliza. Mfuate kwa adabu, "shikamoo mama, mimi ndo napiga picha za mwanetu, naomba unisaidie kuwaita watu wa kwenu tusije tukamwacha mtu", na akiitikia "marahaba mwanangu, wewe niite tu" basi picha za familia zitaisha kwa robo saa badala ya saa nzima. Kwa wazee wa Iringa na Njombe ukianza na "kamwene", na kwa Wanyakyusa ukianza na "ugonile", uso unafunguka hapo hapo, na uso uliofunguka huwezi kuutengeneza baadaye kwenye kompyuta.

Mkataba uwe ukurasa mmoja tu: bei, awamu za malipo, idadi ya masaa, siku ya kukabidhi, na kama unaruhusiwa kuziweka picha mtandaoni. Hilo la mwisho msilichukulie poa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, picha ya mtoto wa watu sio yako kuirusha bila kuuliza. Kama kuna droni, uliza mwenye nayo kama ana kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na cha Wizara ya Ulinzi, asipokuwa nacho iache kwenye begi.

Ukumbi na kanisa nenda mwenyewe, tena saa ile ile ambayo tukio litafanyika. Angalia madirisha yako upande gani, dari ni jeupe au la mbao, kuta zimepakwa rangi gani, na umeme ukikatika kuna jenereta au hamna.

Hatua ya 2: Andaa vifaa kwa ajili ya baridi

Betri ikipata baridi inaishiwa nguvu haraka, hasa betri kuukuu, unaanza asubuhi imejaa na ibada haijaisha inapepesa nyekundu. Haijafa, ikipata joto inarudi. Kwa hiyo betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, sio kwenye begi la pembeni, na ukitoa iliyochoka iweke hapo hapo ndani ipate joto, baadaye utaikuta bado ina kitu.

Kubwa kuliko betri ni lenzi kushika unyevu. Kamera imekaa nje kwenye baridi masaa mawili, unaingia ghafla ukumbini ambako kuna watu mia tatu na majiko ya chakula cha moto, hapo hapo kioo kinafunikwa na vitone vidogo vidogo na kila picha inatoka na ukungu. Ndo hivo hivo kwa wanaoteremka na msafara Kyela: umetoka Mbeya asubuhi na baridi, mmepita Isongole kwenye ukungu, gari limewashwa kiyoyozi njia nzima, mnafika chini kule karibu na Ziwa Nyasa ambako ni mita mia tano hivi tu juu ya bahari, joto na unyevunyevu vimejaa hewani, unafungua begi mara moja kumkimbilia bibi harusi anayeshuka kwenye gari, na lenzi inazibika yote. Dawa yake ni kuipa kamera muda. Ukikaribia kufika zima kiyoyozi, fungua vioo, begi liache limefungwa zipu nusu saa hivi kamera ipate joto polepole. Kama hamna muda huo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado kwenye baridi na uukaze vizuri, unyevu utaganda nje ya mfuko badala ya kwenye kioo. Ikishazibika usifute kwa shati, unasambaza mafuta na kukwaruza, subiri ikauke yenyewe. Na kubadilisha lenzi wakati huo ndo usithubutu kabisa, unyevu utaingia mpaka kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha.

Kamera yenye sehemu mbili za memori kadi iseti iandike kote kote kwa pamoja. Kama ina sehemu moja, tumia kadi kadhaa ndogo kuliko moja kubwa, harusi yote isikae kwenye kipande kimoja cha plastiki. Na piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, hili sibishani na mtu, nyeupe ya shera na nyeusi ya suti kwenye fremu moja hazikai vizuri kwenye JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa tayari.

Hatua ya 3: Asubuhi ya kuvaa, tumia dirisha

Nyumba nyingi za kwetu chumba kina ukuta wa kijani au bluu, pazia zito la maruni, na taa ya LED katikati ya dari. Ukipiga hivo hivo shavu moja linatoka la kijani, lingine la bluu, paji la uso linang'aa la taa. Ukiingia tu salimia, alafu omba ruhusa ya kufungua pazia lote na kuzima taa. Wenye nyumba watashangaa, "sasa utaonaje mwanangu na giza hili?", waambie subirini kidogo.

Sasa mweke bibi harusi kama mita moja kutoka dirishani, asikae uso kwa uso na dirisha, ageuke kama robo, mwanga umguse shavu la karibu, upite puani, na lile shavu la mbali libaki na kivuli laini chenye umbo. Ngozi nyeusi inapendeza kwa namna inavyorudisha mwanga, kwa hiyo unachotafuta ni ule mng'ao mdogo juu ya shavu, daraja la pua na mfupa wa bega. Ukiona mng'ao umekuwa doa jeupe msogeze nyuma hatua moja, au tundika neti nyepesi nyeupe dirishani kulainisha. Upande wa kivuli ukizidi giza, matroni ashike khanga nyeupe au shuka pembeni ya uso, nje tu ya fremu, utaona macho yanapata uhai. Mi hapo naanza na f/2.8 (uwazi wa lenzi), spidi ya shata 1/200, ISO (usikivu wa sensa) kama 640, alafu narekebisha. Waiti balansi, ile setingi ya kusawazisha rangi ya mwanga, naiweka kwa namba, kama 5200, sio auto, maana auto ikiona shera inabadilika, ikiona ukuta inabadilika, na picha ishirini za mtu yule yule zinatoka ngozi ishirini.

Hatua ya 4: Elewa mita ya kamera ilivyo na ngozi yetu

Hapa nakaa muda mrefu kidogo, maana mtu akielewa hapa zile setingi za kuomba omba hatazihitaji tena.

Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haijui inaangalia mtu, mbuzi au ukuta. Inajua kitu kimoja, kwamba chochote kilichoko mbele yake kwa wastani kitoke kijivu cha kati, kile cha asilimia 18. Ukiipima kwenye shera jeupe lililojaa fremu, itasema mwanga umezidi na itapunguza, shera linatoka kijivu na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ukiipima doa moja tu kwenye uso mweusi, itasema hamna mwanga na itaongeza, uso unatoka umepauka na shera linaungua jeupe tupu bila hata uzi wa lesi kuonekana. Kamera ni ile ile, dakika ni ile ile, majibu mawili na yote sio ya kweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama unapima fremu nzima na shera limejaa, ongeza kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kama unapima doa kwenye uso wa mtu mweusi sana, punguza kiasi hicho hicho. Mtu wa maji ya kunde hayuko mbali na kijivu cha kati, unaweza kupima usoni kwake na kuacha hapo. Bwana harusi mweusi na bibi harusi mweupe wamesimama pamoja? Pima kwa mmoja, alafu washa ile alama inayopepesa sehemu zilizoungua, ongeza mpaka shera lianze kupepesa, rudi nyuma kidogo mpaka liache, na hapo uso wa bwana harusi utakuwa umepata mwanga wote ambao shera linaruhusu. Kilichobaki unakivuta kwenye RAW. Usiamini skrini ya nyuma, juani inaonekana giza na usiku inaonekana ng'avu kuliko picha yenyewe, amini histogramu, ile grafu ya giza na mwanga.

Hili la ngozi lina historia yake na mi huwa linanigusa. Enzi za filamu Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, ikajulikana kama kadi ya Shirley. Mashine inarekebishwa mpaka ngozi yake itoke vizuri, na wengine wote mnatoka mnavyotoka. Ndo maana albamu nyingi za wazazi wetu zina nyuso ambazo unaona meno na macho tu. Na moja ya mambo yaliyowasukuma kuboresha filamu kwenye rangi za kahawia yalikuwa malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani za mbao, kwamba bidhaa zao hazionekani tofauti zake. Sasa leo una sensa inayoweza kubeba kila aina ya weusi uliopo duniani, huna sababu ya kumtoa bibi harusi wako kivuli.

Hatua ya 5: Ukungu ukishuka usikimbie

Wengi ukungu ukianguka wanaahirisha picha za nje. Mi nafurahi. Ukungu ni softiboksi (lile boksi la kulainisha mwanga wa studio) kubwa isiyolipiwa, hamna kivuli kibaya chini ya macho, hamna mtu wa kukunja uso. Barabara ya kwenda Tukuyu kuanzia Isongole, mashamba ya chai ya Rungwe, au Mufindi kama uko upande wa Iringa, yanatoa picha ambazo mtu wa pwani hawezi kuzipata. Mashamba ya chai yana wenyewe, pitia ofisini uombe, usiruke mtaro na shera la watu.

Kwenye ukungu kamera inadanganyika vile vile kama kwenye shera, inaona weupe mtupu na inapunguza mwanga, picha inatoka ya huzuni. Ongeza stopu moja. Alafu sogea karibu. Kila mita unayorudi nyuma unaongeza ukungu kati yako na mtu, rangi zinapauka na weusi wa nywele unageuka kijivu, kwa hiyo lenzi ya milimita 35 au 50 ukiwa karibu itakupa uso wenye nguvu na nyuma kunayeyuka, kuliko 200 ya kusimama mbali. Fokasi ikianza kutafuta tafuta, ielekeze kwenye mstari wenye utofauti, kola ya suti na shati, ukingo wa veli, sio shavuni. Flashi ya moja kwa moja usiwashe, matone ya ukungu yanarudisha mwanga na fremu inajaa madoa meupe. Na lile shera likiloa chini usimkaripie mtu, muombe matroni alibebe mpaka mahali pa kusimama, alafu liachie.

Kwenye kuediti kuna kile kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye programu ya Lightroom, jamani kidogo tu. Mtu kaenda mpaka Uporoto kutafuta ukungu alafu anaufuta wote na uso unabaki na mikwaruzo ya giza.

Hatua ya 6: Jua la mchana

Huku kwetu tuko magharibi kuliko Dar lakini saa tunatumia moja, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo, sio saa sita. Ibada ikiisha saa saba ndo umetoka nje kwenye jua baya kuliko lote la siku hiyo.

Kuna kitu wengi hawajakigundua. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini siku nzima, linachomozea kaskazini mashariki na kuzamia kaskazini magharibi, kwa hiyo ukuta wa kusini wa kanisa au shule una kivuli kutwa nzima. Ukienda kukagua sehemu tafuta ukuta huo tu, umeshapata studio ya picha za familia. Desemba na Januari ni kinyume chake, jua linahamia kusini na kivuli cha kutwa kinakuwa ukuta wa kaskazini. Kivuli hicho kina ubluu wa anga, waiti balansi ipandishe mpaka 6500 hivi, la sivyo watu wanatoka kama wanaumwa.

Chini ya mti nako kuna kivuli lakini angalia mambo mawili, vidoa vya jua vinavyopenya kwenye majani na kumwangukia mtu usoni, na ukijani wa nyasi unaopanda chini ya kidevu. Tandika shuka jeupe chini nje ya fremu na ukijani unaisha. Kama hamna kivuli kabisa, jua lipige mgongoni kwao, pima usoni, kule nyuma kuungue tu. Picha tamu zaidi za nje zinaanza saa kumi na moja kasoro jioni, na Juni jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo hata ukumbini waombe maharusi dakika kumi za kutoka nje kabla ya kuingia rasmi.

Wanaotaka kupiga kabla ya harusi kule Kitulo, maua yanachanua msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, ukienda Agosti utakuta nyasi kavu. Ile ni Hifadhi ya Taifa, waulize TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) mapema kuhusu kibali cha kazi ya biashara na malipo. Iringa kuna Isimila, zile nguzo za udongo jioni zinashika rangi inayokaa vizuri sana na ngozi yetu, na Gangilonga kama mnataka mji mzima chini yenu.

Hatua ya 7: Kanisani au msikitini

Muone padri, mchungaji au shehe kabla, sio asubuhi ile ile. Uliza usimame wapi, usipite wapi, na ni wakati gani hataki kabisa kusikia kamera. Makanisa ya zamani ya Wamoravian upande wa Rungwe, ambako walifika 1891, na ya Walutheri na Wakatoliki kule Iringa na Njombe, mengi yana madirisha ya pembeni, mwanga unaingia mzuri asubuhi, kaa upande ambao madirisha yako mbele ya nyuso zao.

Flashi zima wakati wa viapo. Na kama taa za LED zinawaka, umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona, hasa ukiweka shata ya kimya (ya kielektroniki), unapata mistari ya giza inayokatiza picha. Tumia 1/100 au 1/50 na mistari inapotea.

Hatua ya 8: Ukumbini usiku

Adui wa ngozi nyeusi ukumbini ni taa ya zambarau. Mapambo ya sa hivi yamejaa LED za zambarau na bluu, na rangi hiyo ikimfunika mtu uso mzima hamna programu itakayoirudisha, maana sehemu kubwa ya rangi za ngozi haikurekodiwa kabisa. Ongea na mtu wa taa mapema, kwa heshima, umueleze ni matukio manne tu unayomuomba awashe taa za kawaida: kuingia, keki, zawadi na picha za familia. Muziki na kucheza aachie rangi zake. Ukimfuata kama mwenzako wa kazi anakubali, ukimpigia kelele kutoka mbali ndo anazidisha.

Flashi dundishia kwenye ukuta mweupe wa pembeni kuliko darini, maana dari limefunikwa vitambaa vya rangi za harusi na mwanga unarudi na rangi hiyo hiyo usoni kwa watu. Hamna ukuta mweupe? Weka flashi kwenye stendi mbili pembeni za ukumbi, au muombe mtu akushikie kitambaa cheupe. Spidi 1/125, f/3.5, ISO 1600 mpaka 3200. Wakati wa kucheza shusha spidi mpaka 1/40, flashi itagandisha mtu na taa za nyuma zitaburuza kidogo, picha inakuwa na uchangamfu. Na usisahau wapishi na wale vijana wa vinywaji, hao hawapigwi picha na mtu na wamekesha.

Hatua ya 9: Hifadhi, alafu editi bila kumbadilisha mtu

Usiku huo huo kabla ya kulala nakili kadi zote kwenye laptopu na kwenye hadi diski ya nje. Kadi usizifute mpaka nakala ya tatu iwe mahali pengine, kwa ndugu au mtandaoni, mwizi au moto akija nyumbani anachukua laptopu na hadi diski kwa pamoja.

Kwenye kuediti naomba tuelewane. Priseti, yaani setingi za kuediti zilizotayarishwa, nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwenye ngozi za kizungu, ukizimwaga kwenye picha za Mwanjelwa hapa Mbeya zinafanya ngozi ya kahawia iwe ya chungwa iliyopauka. Na kuna mtindo umeenea wa kuvuta mwangaza wa rangi ya chungwa mpaka watu wote wawe weupe, kwa sababu rangi ya ngozi kwa sehemu kubwa inakaa hapo kwenye chungwa na nyekundu. Wateja wengine wenyewe wanaomba, "nitoe mweupe kidogo kaka". Mi huwa namwonesha picha mbili pembeni, moja ilivyo na nyingine iliyovutwa, namwambia angalia shingo, angalia masikio, angalia mkono wako uliomshika mama yako. Karibu wote wanachagua ile ya kwanza, maana kwenye ile ya pili mama yake anaonekana sio mama yake.

Utaratibu wangu ni kuchagua sura moja kwenye kila mwanga, yaani dirishani moja, ukungu moja, kivuli moja, ukumbini moja, nairekebisha ile mpaka ikae, alafu naipeleka kwenye zingine za mwanga huo huo. Chunusi ya siku mbili futa, kovu na alama za kuzaliwa acha. Kabla ya kupeleka albamu, chapisha picha tatu ndogo za majaribio maabara, moja ya mtu mweusi sana, uzione mchana nje. Skrini nyingi zimewekwa mwanga mkali kupita kiasi, unaediti unaona sawa, karatasi inatoka giza, ukiona hivo punguza mwanga wa skrini, usiongeze picha kwa kubahatisha.

Hatua ya 10: Kukabidhi na kutunza vifaa

Picha usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana na ngozi inakuwa na mabaka, zitume kama dokumenti, au weka Google Drive na uwape linki, na wazazi wapelekee kwenye flashi ya USB na zile za kuchapishwa mkononi. Waambie kwa maandishi utatunza faili mpaka lini.

Kesho yake fungua begi, kila kitu kitoke nje kwenye meza kavu. Futa vumbi la barabara ya shamba kwa brashi kabla ya kitambaa, kausha mikanda, kausha begi lenyewe juani lakini lenzi sio juani. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazonyesha sana hapa nchini, na lenzi ikikaa msimu mzima kwenye begi bichi inaota kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyuzi nyeupe ambazo fundi akizifikia mara nyingi zimeshakula kioo. Nunua boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka pakiti za silika jeli, zile zinazobadilika rangi zikishiba maji, zikibadilika zikaange kidogo kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka rangi irudi, zipoe, uzirudishe ndani na ufunge.